Jinsi ya kudizaini kiboti chako cha tanga cha futi 11: anza na uzito, umbo litakuja lenyewe

Watu wengi wakitaka kuchora kiboti cha kujifurahishia wanaanza na umbo. Wanachora omo (sehemu ya mbele) iliyochongoka vizuri, wanaweka tanga kubwa, alafu mwisho kabisa ndo wanajiuliza kitabeba nani. Kwenye chombo kidogo hivi watu wanaokaa ndani ni wazito kuliko chombo chenyewe, kwaiyo wao ndo wanaamua kina, upana, ukubwa wa tanga, kila kitu. Hapa nitaenda na mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: kiboti cha plaiwudi cha mtu mzima na mtoto mmoja, urefu mita 3.3 ambayo ni kama futi 11, cha kutembelea upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe au kwenye ghuba, na cha kuburuzwa ufukweni na watu wawili. Ukishaelewa mahesabu yake badilisha namba weka za kwako.

Kabla ya penseli, angalia waliotangulia

Kuna viboti vichache duniani ambavyo vimejengwa kwa maelfu na namba zao ni shule tosha. Optimist aliichora Clark Mills kule Clearwater, Florida, mwaka 1947 kwa ajili ya watoto: mita 2.3, kilo 35, tanga kama mita za mraba 3.3. Ule urefu haukuja kwa bahati, shiti ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, kwaiyo ukibaki chini ya hapo huungi mbao kabisa. Alafu kuna Mirror ya Uingereza, ya Jack Holt na Barry Bucknell, iliyotoka mwaka 1963, mita 3.3 na kilo kama 45, tanga mita za mraba 6.5 kwa matanga mawili. Hii ndo iliyowafundisha watu wa kawaida kushona mapande ya plaiwudi kwa waya wa shaba na kuyaziba kwa utepe wa fiba na resini, bila kujenga mataruma (mifupa ya ndani ya chombo) kwanza, na zimejengwa zaidi ya 70,000. Laser ya Bruce Kirby ni mita 4.2 na tanga 7.06, nyembamba, ya mtu mmoja mwenye nguvu za kuning'inia nje. Ni tamu sana lakini kwa mtu na mtoto wake wanaotaka kutembea jioni haifai.

Na ngalawa yetu je? Ngalawa ina mwili mwembamba sana, inasimama kwa sababu ya mirengu (yale magogo ya pembeni) pande mbili. Mashua inasimama kwa upana wake na farumi, yaani uzito wa kuituliza, iliyowekwa chini. Kiboti chetu hakina mrengu wala farumi, kinasimama kwa upana wake na kwa nyinyi wenyewe mnavyohamia upande upepo unakotoka. Hilo lishike, tutalirudia kwenye tanga.

Hatua ya 1: piga hesabu ya uzito wote

Andika kila kitu kwenye karatasi. Mtu mzima kilo 75, mtoto 35, mwili wa kiboti 55, mlingoti na foromali (mti unaobeba tanga juu) na tanga na usukani na ubao wa kushusha (unaoshuka majini chini ya sakafu ili kiboti kisisukumwe pembeni) 20, maji ya kunywa na nanga ndogo na vikorokoro 10. Jumla kilo 195. Usipunguze ili namba ipendeze, na kama unajua shemeji yako wa kilo 95 ndo atakuwa anakuja kila wikiendi basi muweke yeye.

Maji ya bahari mita moja ya ujazo ni kama kilo 1,025, kwaiyo kilo 195 zinasukuma lita 190. Kama uko Mwanza au Kisumu, maji ya ziwa ni mepesi kidogo, itakuwa lita 195, tofauti ndogo tu. Hizi lita 190 ndo ukubwa wa sehemu ya kiboti itakayokuwa chini ya maji, haipungui haizidi.

Hatua ya 2: kutoka lita kwenda umbo

Chukua sakafu ya bapa, mbavu mbili (kuta za pembeni) zilizofunguka kidogo kwenda nje, ubao wa tezi unaofunga nyuma. Ni umbo rahisi kuliko yote na kwa maji yetu ya kupwa na kujaa lina faida kubwa, linakaa wima mchangani maji yakitoka. Urefu wa kwenye maji weka mita 3.0, upana wa sakafu katikati mita 1.0, upana wa juu kabisa mita 1.35, kimo cha ubavu katikati sentimita 45.

Sasa boksi la mita 3.0 kwa 1.0 lingekuwa limejaa kona zote, lakini kiboti kinabana mbele na kinapanda nyuma, kwaiyo kinajaza kama asilimia 57 tu ya boksi. Kina unachotafuta ni 0.19 gawa kwa (3.0 × 1.0 × 0.57), unapata mita 0.11. Sentimita 11 katikati. Ubavu ni 45, umebaki na sentimita 34 juu ya maji, inatosha kwa ghuba. Ingetoka 20 ungetakiwa kuongeza upana au urefu, sio kujipa matumaini.

Na hapa kuna kitu watu hawakijali kabisa, mpindo wa sakafu ukiitazama kwa ubavuni. Sehemu ya chini kabisa iwe katikati au nyuma yake kidogo, alafu sakafu ipande mpaka ubao wa tezi uguse maji kwa ukingo wake tu. Kama katikati ni sentimita 11 basi sakafu kwenye tezi iwe imepanda sentimita 11. Ubao wa tezi ukizama utaburuza maji nyuma na kiboti kitakuwa kizito kama umefunga ndoo, na hutajua sababu ni nini maana kwa macho kinaonekana kizuri tu. Kuna wanaopenda nyuma iwe imenyooka zaidi ili kiboti kipande juu ya maji upepo ukiwa mkali, sawa, lakini cha kutembelea mara nyingi kitakuwa kwenye upepo mdogo, na kwenye upepo mdogo mpindo ndo unaokusaidia.

Kasi yake ya kawaida itaishia kama noti 4, yaani kilomita 7 na kitu kwa saa, hilo linatokana na urefu wa kwenye maji na huwezi kulibadilisha kwa kuongeza tanga. Alafu ujue pia kila sentimita moja kinayozama inabeba kama kilo 22, kwaiyo akiongezeka mtoto mwingine wa kilo 35 kitashuka sentimita moja na nusu hivi na tezi itaanza kuburuza.

Hatua ya 3: tengeneza mfano wa kadibodi

Usiruke hii hatua. Skeli 1 kwa 10, mita 3.3 inakuwa sentimita 33. Kata sakafu, mbavu mbili, ubao wa tezi, na kigawanyo kimoja cha katikati, unganisha kwa selotepu. Kadibodi nyembamba inapinda upande mmoja tu, plaiwudi nayo ni hivohivo, kwaiyo kama kadibodi inakunjamana mahali basi na plaiwudi itapasuka mahali hapohapo. Ikikaa vizuri bandua mapande, pima kila sentimita 3, zidisha mara 10, hiyo ndo michoro yako ya kukatia. Kwa kiboti hiki shiti 5 za mm 6 zinatosha, na mapande marefu utayaunga kwa kuchonga ncha zote mbili mteremko wa mara 8 ya unene, yaani sentimita 5 hivi, ukapaka gundi ya epoxi na kubana.

Hatua ya 4: chagua tanga

Najua moyo wa mtu wa pwani unaenda kwenye tanga la pembe tatu na foromali ndefu, na Sunfish ya Marekani inatumia tanga la aina hiyo la kama mita za mraba 7 na linaenda vizuri. Lakini kwenye vyombo vyetu ukipita upepo kwa nyuma inabidi foromali izungushwe mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, ni kazi ya watu wawili au zaidi wanaojua wanachofanya. Wewe uko na mtoto. Ushauri wangu ni tanga la pembe nne lenye foromali juu na mti mwingine chini, ambalo sehemu yake ndogo inakaa mbele ya mlingoti muda wote. Halihami upande, linageuka lenyewe bila kupiga kwa nguvu, mlingoti ni mfupi wa mita 3.8 tu bila kamba za kuushikilia pembeni, na likitakiwa kushuka linashuka lote kwa kuachia kamba moja.

Vipimo vya mita za mraba 6: chini mita 2.5, mbele 1.8, juu kwenye foromali 2.5, nyuma 4.0, na mshazari kutoka kona ya chini mbele mpaka ncha ya foromali 4.15. Bila huo mshazari pembe nne haina umbo maalum, fundi atakushonea kitu kingine. Pande za juu na chini usizikate moja kwa moja, ziachie tumbo la sentimita 6 mpaka 8 kwenda nje, hiyo nguo ya ziada ndo inayolipa tanga tumbo la kuvuta, bila hivo linakuwa bapa na kiboti hakibishi, yaani hakiwezi kwenda upande upepo unakotoka. Tanga la kwanza kata kwenye turubai la kawaida lenye pindo zilizoshonwa mara mbili, litakutosha kujifunza msimu mzima, alafu ukishajua umbo unalolitaka ndo ununue kitambaa cha maana.

Mlingoti wa mbao nyepesi iliyonyooka bila mafundo, unene mm 70 unapopita kwenye ubao wa juu, upungue mpaka 45 nchani. Mvinje ni mgumu na unapatikana, ila ni mzito, na kila kilo ya juu inakupunguzia usalama.

Hatua ya 5: pima kama mtaweza kulizuia

Hapa ndo dizaini yenyewe. Upepo wa kilomita 28 kwa saa unasukuma tanga la mita za mraba 6 kwa nguvu ya kama kilo 26. Kitovu cha tanga kiko mita 2.1 juu ya maji na kitovu cha vitu vinavyozuia maji chini (ubao wa kushusha, usukani na mwili kwa pamoja) kiko kama mita 0.4 ndani ya maji, kwaiyo mkono wa kupindulia ni mita 2.5. Zidisha, unapata 65. Upande wenu, mtu mzima akikaa juu ya ukingo na kuegemea nje, uzito wake uko sentimita 75 kutoka katikati, 75 × 0.75 ni 56. Mtoto 35 × 0.6 ni 21. Jumla 77. Mnashinda upepo, vizuri. Ukiwa peke yako una 56 dhidi ya 65, unapindishwa, kwaiyo peke yako unalegeza kamba ya tanga au unapunguza tanga mapema.

Sasa upepo ukifika kilomita 37 kwa saa watu wanadhani umeongezeka kidogo tu. Nguvu inaenda kwa mraba wa kasi, zile kilo 26 zinakuwa 46, mkono uleule, unapata 115 dhidi ya 77 zenu. Hapo mmeshapinduka. Ndo maana lazima tanga liwe na mstari wa vifungo wa kulipunguza, sentimita 80 juu ya pindo la chini, libaki mita za mraba 4. Nguvu inashuka mpaka kilo 31, na kitovu nacho kinashuka, mkono unakuwa 2.3, jumla 71. Mko ndani ya uwezo wenu lakini ukingoni, ni upepo wa kurudi nyumbani. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti hasa, anza safari tanga likiwa limeshapunguzwa, ni rahisi kuliongeza baharini kuliko kulipunguza. Na siku TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametangaza upepo wa kilomita 40, kiboti kikae ufukweni.

Fanya hesabu hii kwa familia yako kabla hujanunua hata shiti moja. Kama namba za watu ni ndogo kuliko za tanga, punguza tanga au ongeza upana.

Hatua ya 6: ubao wa kushusha na usukani

Eneo la ubao ulioko majini liwe asilimia 4 ya tanga: 6 × 0.04 ni 0.24, sawa na upana sentimita 28 na kina 85 chini ya sakafu. Usukani kama asilimia 40 ya hapo, sentimita 20 kwa 48. Vyote viwili viweze kupanda, kwasababu Zanzibar, Dar, Mombasa maji ya bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) yanatofautiana mita 3 mpaka 4 na utakuta umefika kwenye mchanga wa kina cha goti. Usukani uwe na bawaba ya kuinuka ukigonga mwamba.

Ubao usiwe mwembamba. Watu wanahesabu nguvu ya maji peke yake wanaona mm 18 inatosha, wanasahau kwamba kiboti kikipinduka wewe ndo utasimama juu ya huo ubao kukirudisha, kilo 75 zote. Mbao nzuri ya mm 25, ukingo wa mbele mviringo, wa nyuma mwembamba.

Hatua ya 7: mizani ya tanga na ubao

Rudi kwenye kadibodi. Kata umbo la tanga kwa skeli, litoboe pembeni, ning'iniza kwa pini na uzi wenye kijiwe, chora mstari wa uzi, rudia kwenye tundu lingine. Mistari inapokutana ndo kitovu. Kiweke kitovu hicho wima juu ya katikati ya ubao wa kushusha, sio mbali mbele wala nyuma. Unachotaka ni kwamba ukiachia kana (mti wa kushikia usukani), kiboti kigeuke chenyewe taratibu kuelekea upepo na kusimama. Kikigeuka kukimbia upepo, mtu akiteleza akaanguka kiboti kinaondoka na mtoto. Kwaiyo tundu la mlingoti chini liache nafasi ya kusogeza kitako sentimita 3 mbele au nyuma: kitako kikienda mbele mlingoti unalala nyuma na kiboti kinautafuta upepo zaidi, kikirudi nyuma inakuwa kinyume chake.

Hatua ya 8: hewa iliyofungiwa

Hii ningeweza kuiandika kwanza kwa jinsi ninavyoijali. Kiboti hiki kitapinduka, vyote vya aina hii vinapinduka, na dizaini nzuri ni ile ambayo ikipinduka inarudi na watu wanapanda wanaendelea. Lengo lita 190 za vyumba visivyoingia maji, sawasawa na lita za mwanzo. Chumba cha omo lita 70, viti vya pembeni lita 60 kila kimoja. Vitatu, visiunganike, ili kimoja kikitoboka viwili vibaki. Kila kimoja kiwe na kifuniko cha kufungua kikauke ndani maana unyevu uliofungiwa unaozesha plaiwudi. Kama huamini maungio yako jaza ndani chupa za maji za plastiki zilizofungwa vizuri, hazijazi kona zote lakini kikivuja zinabaki zinaelea.

Viti vya pembeni usivifanye vikubwa kupita hapo. Vikiwa vikubwa kiboti kilicholala ubavu kinaelea juu sana, ubao wa kushusha unakuwa mbali huufikii, na kinaweza kujigeuza kabisa juu chini. Nchani mwa mlingoti funga dumu tupu la lita 5 wakati wa kujifunza, lile dumu linazuia kugeuka kabisa.

Alafu kile kisanduku cha ubao wa kushusha. Mdomo wake wa juu lazima ubaki juu ya maji hata kiboti kikiwa kimejaa maji na watu wamo. Ukiwa chini, utafua maji kwa ndoo mpaka uchoke na yanaingia kwa spidi ileile kupitia pale. Upandishe mpaka usawa wa viti, na ndani ya kiboti kuwe na kitambaa kizito cha kuziba ule mdomo.

Hatua ya 9: majaribio

Kabla ya tanga lolote, weka kiboti majini na mizigo yote na watu wote, angalia tezi. Ukingo wa chini uguse maji tu. Ukizama, sogeeni mbele mnapokaa kwanza.

Pili, maji ya kufika kifuani, hakuna upepo, kila mtu kavaa laifujaketi, vuta kiboti kwa mlingoti mpaka kilale. Kisimamishe, panda, fua maji, mtoto naye apande kwa msaada mdogo tu. Funga kamba yenye kitanzi nyuma kwenye tezi kama ngazi, mtu mzima aliyechoka hapandi ukingo wa sentimita 34 kirahisi. Rudieni mpaka mtoto azoee, maana siku ya kweli hofu yake ndo itakupotezea muda.

Tatu, tanga lililopunguzwa, upepo mdogo unaovuma kuelekea ufukweni, jaribu kubisha kwenda na kurudi karibu na pwani. Achia kana kila upande uone kinageukia wapi, sogeza kitako cha mlingoti sentimita moja kwa wakati, ukipata pale ambapo kana inavuta kidogo tu kwa vidole viwili piga alama ya rangi, alafu ndo ufunge skrubu za kudumu.